Mzigo wa Vanila wa Bundibugyo: Harufu Inathibitisha Nini Kuhusu Aina na Asili

Shehena ya kilo 120 za vanila iliyokaushwa, iliyokusanywa na kutayarishwa na ushirika mmoja wa wakulima wilayani Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, ilifika kwa mnunuzi wake nchini Ujerumani ikiwa na hati zote zinazotakiwa, lakini malipo yakasimamishwa mara tu majibu ya maabara yalipotoka. Ripoti ilikuwa na vipimo viwili na hukumu moja. Vipimo vilionyesha kwamba vanilini, kiambato kikuu cha harufu ya vanila, ilikuwa asilimia 1.1 tu ya uzito, na kwamba uwiano wake na hidroksibenzaldehidi, kiambato kinachoandamana nayo katika ganda, ulikuwa 8.8. Hukumu ilikuwa kwamba mzigo huo haufanani na vanila ya Uganda, na kwamba huenda umechanganywa na vanila ya nchi nyingine au umeongezewa vanilini ya kiwandani.

Kisa hiki ni cha mafunzo. Ushirika, mnunuzi na vipimo vya mzigo wenyewe ni vya mfano, ila kila hatua ya uchambuzi imefuata kemia ya vanila kama ilivyo na biashara yake kama inavyoendeshwa katika wilaya za mpakani. Nimekichagua kwa sababu hukumu ya aina hii ikikubaliwa bila kuchunguzwa, anayeumia ni mkulima aliyechavusha maua yake moja moja kwa mkono na kusubiri takriban miezi tisa ganda likomae, halafu akaambiwa kwamba alichovuna si chake.

Tuhuma ya kuchanganya haikutoka hewani. Bundibugyo iko nyuma ya milima ya Rwenzori, imepakana na Kongo kwenye mto Lamia, na kituo cha mpakani cha Busunga hupitisha bidhaa na watu kila siku. Upande wa pili, katika maeneo ya Beni, wakulima nao wanalima kakao na vanila kama wenzao wa upande huu, na vanila yao nyingi hutafuta njia ya kwenda ng'ambo kupitia Uganda. Wachuuzi wa pande zote mbili huelewana kwa Kiswahili, wengine ni ndugu wa damu, na mtu akifika sokoni na kifurushi cha maganda mabichi si rahisi kujua yalichumwa ukingo upi wa mto. Vanila ya Kongo si mbaya kwa kuwa ni ya Kongo. Kosa huanza pale inapoandikwa kuwa ya Uganda. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa na haki kamili ya kuuliza swali la asili, na kinachopaswa kuchunguzwa ni kama vipimo alivyovitumia vinaweza kulijibu.

Ganda bichi la vanila halina harufu ya vanila. Vanilini imo ndani yake, lakini imefungwa kwa molekuli ya sukari, katika umbo linaloitwa glukovanilini, ambalo halinukii hata kidogo. Maganda yanapozamishwa katika maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi kwa dakika mbili au tatu, kisha yakafungwa katika mablanketi yangali moto ili yatoke jasho, uhai wa ganda hukoma na kuta za chembe zake huvunjika, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na glukovanilini na kuikata sukari ile. Hapo ndipo harufu huzaliwa. Siku nyingi za kuanika juani na kivulini hufuata, kisha miezi ya kuhifadhi katika masanduku, na mwisho wa yote kilo tano au sita za maganda mabichi huwa zimebaki kilo moja. Katika safari hiyo hiyo huzaliwa viambato vingine vidogo: hidroksibenzaldehidi, asidi ya hidroksibenzoiki, asidi ya vanili, na zaidi ya viambato 200 vinavyoruka hewani kwa viwango vidogo sana. Maabara hupima vile vinne vikubwa, yaani vanilini na hivyo vitatu vilivyotajwa kwa jina, kwa kromatografia ya kimiminika (njia ya kutenganisha viambato na kupima kila kimoja), na vile vinavyoruka kwa kromatografia ya gesi.

Uwiano kati ya viambato vinne ndio uliofanywa kipimo cha uhalisi wa vanila. Mamlaka ya Ufaransa inayopambana na udanganyifu wa kibiashara iliweka viwango vinavyorejewa mpaka leo, na kwa vanilini dhidi ya hidroksibenzaldehidi uwiano unaotarajiwa ni kati ya 10 na 20. Ni kipimo chenye manufaa, lakini kilitungwa kwa ajili ya vanila iliyokomaa na kutayarishwa kwa njia ya jadi, na waliopima maganda halisi kutoka nchi mbalimbali wamekuta mizigo isiyo na doa ikiangukia nje ya mipaka hiyo. Kwa hiyo 8.8 ni sababu ya kuchunguza zaidi. Haitoshi kuwa ushahidi wa udanganyifu, na ukiitazama vizuri utaona kwamba hata upande iliouelekea hauungi mkono tuhuma iliyoandikwa.

Mtu anayetaka kuipandisha thamani vanila dhaifu humwagia vanilini ya kiwandani. Akifanya hivyo, vanilini hupanda huku hidroksibenzaldehidi ikibaki palepale, na uwiano hupaa hadi 25, 30 au zaidi. Mzigo huu ulifanya kinyume: vanilini ilikuwa ndogo na uwiano ulikuwa chini. Mdanganyifu gani atanunua vanilini, aiongeze, halafu apate mzigo ulio dhaifu kuliko kawaida? Hoja hii peke yake ilitosha kuiweka kando nusu ya hukumu ile, na inasikitisha kwamba mtu aliyeandika ripoti hakuifikia kabla ya kuliweka jina la ushirika katika mashaka. Hata hivyo vipimo viwili vya kuthibitisha vilifanywa. Cha kwanza kilitafuta ethili-vanilini, ambayo haipo katika vanila ya asili na ambayo ikionekana kesi imekwisha; haikuonekana. Cha pili kilipima isotopu za kaboni, yaani atomi za kaboni zenye uzito tofauti, ndani ya vanilini yenyewe. Mmea wa vanila hunyonya hewa ya ukaa usiku, tofauti na miti ambayo mabaki ya mbao zake hutumika viwandani, na kwa sababu hiyo vanilini yake huwa na kaboni nzito zaidi: karibu 20 kwa elfu chini ya kipimo rejea, ilhali vanilini itokanayo na mbao hukaa karibu 27 na ile ya mafuta ya petroli hushuka zaidi. Mzigo ulisoma 20.4 chini ya sifuri. Vanilini yote ilikuwa imetoka katika ganda la vanila.

Swali la aina ya mmea lilijibiwa haraka. Vanila ya Tahiti, ambayo hulimwa pia Papua Guinea Mpya, ina viambato vingi vya jamii ya anisili vinavyoipa harufu ya maua na bizari tamu, na spishi ya pompona nayo hujulikana kwa viambato hivyo. Katika mzigo wa Bundibugyo vilikuwepo kwa kiasi kidogo tu kinachotarajiwa katika Vanilla planifolia, spishi inayolimwa Uganda, Kongo na Madagaska. Hapa harufu ilitoa ushahidi ulio imara kabisa, kwa kuwa tofauti za spishi zimeandikwa katika urithi wa mmea na hazifutiki kwa kukausha.

Baada ya spishi, swali lililobaki ni la nchi, na hapa nadhani mnunuzi alipotoshwa na mafanikio ya watu wa mafuta ya zeituni. Wataalamu wa mafuta hayo wamefika mbali. Tunda la zeituni linapopondwa kinuni, vimeng'enya vyake huanza papo hapo kuvunja asidi za mafuta na kuzaa heksanali, heksenali na alkoholi zake, zile zinazoleta harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, na kwa kuwa nguvu ya kila kimeng'enya hutofautiana kati ya aina na aina, mafuta ya Picual ya Hispania hayatoi picha ileile na ya Arbequina au ya Koroneiki ya Ugiriki. Viambato vingine, hasa seskwitepeni, hubaki imara kiasi kwamba alama yake yote, yaani mchoro wa viambato unaotoka kwenye mashine, inaweza kulinganishwa kwa kompyuta na mamia ya alama za mafuta yaliyojulikana asili yake, na matokeo yakawa ya kuaminika vya kutosha kuikagua lebo ya chupa. Nguvu ya njia hiyo inatokana na mambo mawili ambayo vanila haina. Jambo la kwanza ni kwamba zeituni zina mamia ya aina zilizozoea nchi zao kwa karne nyingi, na mara nyingi ukiijua aina umekwisha kuikaribia nchi. Vanila inayolimwa nje ya Meksiko, kinyume chake, imeenezwa kwa vipande vya marando kutoka kwa mimea michache sana, hivi kwamba shamba la Mukono, katikati ya Uganda, na shamba la Beni ni kama matawi ya mti mmoja. Jambo la pili ni muda. Harufu ya zeituni hutengenezwa kwa dakika chache kinuni, lakini ya vanila hutengenezwa kwa miezi, mikononi mwa watu, na kila kosa au uhodari wao huandikwa juu ya kile ambacho udongo na hewa viliandika.

Ndiyo sababu wachambuzi waliugeukia mzigo wenyewe, maana ripoti ya kwanza ilitokana na sampuli moja iliyochanganywa kutoka masanduku yote. Masanduku yalifunguliwa moja baada ya jingine, na kabla ya mashine yoyote kuwashwa macho na pua vilikwisha kutoa dalili. Katika baadhi yake maganda yalikuwa meusi yenye kung'aa, laini, ukilizungusha ganda kwenye kidole linajikunja bila kuvunjika na kuacha mafuta kwenye ngozi, na lilipopasuliwa kwa kisu mbegu zake ndogo zilimwagika katika uji mzito uliotoa harufu ya kakao na zabibu kavu. Katika masanduku mengine maganda yalikuwa membamba, ya kahawia yenye wekundu, magumu kwenye ncha, na harufu yake ilikuwa ya nyasi kavu, huku machache yakinuka moshi. Mafundi wa ushirika wanaoyapanga kwa urefu wangeweza kuyatenga bila kuambiwa. Waliyachanganya kwa sababu bei ilikuwa imekubaliwa kwa mzigo mzima.

Yalipotengwa na kupimwa upya, ule wastani ukafunua siri yake. Fungu la kwanza, kilo 54, lilikuwa na vanilini asilimia 1.7 na uwiano wa 13, yaani vanila nzuri isiyohitaji utetezi. Fungu la pili, kilo 66, lilikuwa na asilimia 0.6 na uwiano wa 5. Ukiyachanganya unapata ile asilimia 1.1 na 8.8 ya ripoti ya kwanza. Namba ambayo maabara iliilinganisha na vanila ya Uganda haikuwa ya vanila yoyote iliyowahi kukua shambani. Ilikuwa hesabu ya mafungu mawili yaliyokutana katika sanduku. Hili ndilo fundisho la kiufundi ambalo ningependa kila mkaguzi alishike: mzigo wenye sura mbili hausomwi kwa sampuli moja, hata kama sampuli hiyo imechukuliwa kwa uangalifu wote.

Udhaifu wa fungu la pili ungeweza kuwa na sababu mbili. Pengine maganda yalikomaa lakini yakaharibiwa na matayarisho. Maji yakizidi moto, kwa mfano, vimeng'enya hufa kabla ya kazi yao na vanilini hubaki imefungwa na sukari. Au maganda yalichumwa machanga, kabla mmea haujamaliza kuihifadhi glukovanilini, kazi ambayo hufanyika hasa katika miezi ya mwisho ya ukuaji. Sababu hizi hutenganishwa kwa kipimo rahisi ambacho wanunuzi wengi hawakiagizi: kupima glukovanilini iliyobaki katika ganda lililokaushwa. Ingekuwa nyingi, lawama ingeangukia matayarisho. Katika fungu la pili ilikuwa ndogo sana, kwa hiyo vanilini haikuwa imefungiwa mahali popote, haikuwahi kutengenezwa. Na kwa kuwa uwiano wa vanilini kwa hidroksibenzaldehidi mara nyingi huwa chini katika ganda changa, ule uwiano wa 5 ulikubaliana na maelezo hayo. Harufu ya moshi ilikuwa jambo la pembeni: kromatografia ya gesi ilionyesha gwayakoli imezidi katika maganda yale machache. Hiki ni kiambato chenye harufu ya moshi ambacho pua hukisikia hata kikiwemo kwa kiasi kidogo sana kuliko vanilini, na huongezeka pale vijidudu vinapopata nafasi katika maganda yaliyokaa na unyevu mrefu. Ganda changa hukauka vibaya, na mvua za Bundibugyo hazisaidii.

Kwa nini maganda machanga? Wakulima wanajua vizuri kwamba ganda huwa tayari ncha yake inapoanza kuwa ya manjano, na Wizara ya Kilimo ya Uganda hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna kwa kila msimu, kwa kuwa nchi hiyo inayopitiwa na ikweta ina misimu miwili ya vanila kwa mwaka. Lakini vanila ni zao linaloibwa. Bei ilipopanda hadi takriban dola 600 kwa kilo mwaka 2018, kilo ya vanila ikawa ghali kuliko kilo ya madini ya fedha, na watu walilala mashambani wakilinda marando yao kwa mapanga. Bei zimeshuka sana tangu wakati huo, hofu imebaki. Mkulima anayesikia jirani ameibiwa usiku huvuna kesho yake asubuhi, ganda liwe limekomaa au halijakomaa, na mchuuzi anayekuja na fedha taslimu kabla ya tarehe iliyotangazwa humkuta tayari ameshashawishika. Siwezi kumlaumu mkulima huyo kwa urahisi. Ninayemlaumu ni mnunuzi wa kati anayepokea maganda ya kijani kibichi akijua, kisha akayaficha ndani ya mazuri.

Daftari la mapokezi la ushirika lilithibitisha habari hiyo. Fungu la kwanza lilitoka kwa wanachama, lilipokelewa baada ya tarehe rasmi, na kila kifurushi kilikuwa na namba ya shamba. Fungu la pili lilinunuliwa kwa wachuuzi mapema, lilipoonekana kwamba mzigo ulioahidiwa hautatimia, na mbele ya majina ya wachuuzi safu ya shamba ilikuwa tupu.

Je, fungu hilo lilitoka Uganda au Kongo? Viambato vya harufu havikuweza kusema, na si kwa kukosa mashine bora. Spishi ni ileile, marando ni ya ukoo uleule, mvua hunyesha juu ya milima ileile, na waliokausha ni watu walewale. Tofauti zote ambazo harufu ilionyesha kati ya mafungu mawili zinaelezwa na umri wa ganda na ukaushaji, bila kuhitaji mpaka wowote. Anayetaka kulijibu swali hilo kwa maabara anapaswa kwenda kwenye vitu ambavyo ukaushaji hauvigusi sana, yaani madini machache ambayo mmea huyanyonya udongoni na isotopu za oksijeni, hidrojeni na stronti, na hata hapo lazima kwanza awe na sampuli nyingi za uhakika kutoka kingo zote mbili za Lamia, za misimu kadhaa, ili awe na kitu cha kulinganisha. Njia ya isotopu hutenga vizuri nchi zilizo mbali, kwa mfano Uganda na Madagaska. Kutenga vijiji vinavyotazamana ng'ambo ya mto ni kazi ngumu zaidi. Katika mazingira hayo ushahidi wa asili wenye uzito kuliko wote ni daftari lililojazwa siku ganda lilipopimwa kwenye mizani, na kwa fungu la pili daftari hilo halikuwa na jibu.

Pande mbili zilikubaliana kwa msingi huo. Mnunuzi alifuta maandishi yake kuhusu vanilini ya kiwandani na kuchukua kilo 54 kwa bei kamili, zikiwa na cheti cha asili ya Uganda. Kilo 66 ziliondolewa cheti hicho, zikaelezwa kama zilivyo, yaani planifolia iliyochumwa mapema isiyo na kumbukumbu ya shamba, na kuuzwa kwa bei ya chini kwa kiwanda kinachokamua kiini cha vanila kwa pombe, ambako urefu na mng'ao wa ganda havina maana na malipo hufuata kiasi cha vanilini. Ushirika ulipata hasara kwa fungu hilo, na ilikuwa haki upate.

Kwa msimu uliofuata ushirika ulibadilisha mambo matatu. Hakuna kifurushi kinachopokelewa bila namba ya shamba, hata muuzaji awe mjomba wa mwenyekiti. Maganda huzamishwa, huanikwa na kuhifadhiwa kwa mafungu yasiyochanganywa mpaka mwisho, na sampuli ya kila fungu hufungwa na kubaki ghalani Bundibugyo ili ikitokea ripoti nyingine kutoka ng'ambo kuwe na kitu cha kupeleka maabara ya pili. Na mkataba mpya na mnunuzi unataja kipimo kwa kila fungu, ukijumuisha glukovanilini, badala ya namba moja kwa mzigo wote. Kuhusu wachuuzi wanaovuka na vanila ya Beni, ushirika umefungua daftari la pembeni lenye kichwa kinachosema wazi kwamba ni vanila ya Kongo, na unapanga kuitayarisha na kuiuza kwa jina lake.